Viwanda Ndani ya Nyumba Zisizojengewa Viwanda

Miongoni mwa mambo ambayo jiji la Dar es Salaam limeyafanya kwa haraka kuliko lilivyoyafikiri, hili la kuugeuza mtaa wa makazi kuwa mtaa wa kazi ni kubwa, na tena limezungumzwa kwa uchache mno. Temeke na Kinondoni, zilizohesabiwa zamani kuwa viunga vya mji, leo zimejaa mashine: Tandale husaga na kukoboa nafaka, Keko huranda mbao na kuunda samani, Mikocheni na Chang'ombe hufungasha, huchapa na kuunganisha vyuma, na Mbagala hupokea maghala mapya ya bati kila palipopatikana uwanja na njia ya kupita lori. Hii ni neema, kwa maana maelfu ya watu hupata riziki humo, wala makala haya hayakuandikwa ili kuishutumu. Lakini neema hiyo imewekwa juu ya sakafu na nguzo ambazo aghalabu hazikukusudiwa kuibeba, na shauri langu juu yake ni moja: jengo lolote linalotiwa mashine au shehena lipimwe upya na mhandisi kila linapobadilishiwa kazi, na kipimo chake kibandikwe mlangoni ili kila aingiaye aweze kukisoma.

Viwanda vyetu vikubwa vya kwanza havikuanza hivi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na kile cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 pale Ubungo, mahali palipokuwa katika Kinondoni kwa miaka mingi kabla hapajafanywa wilaya mbali. Ubunifu wa viwanda vya namna ile huanza na mashine, kuta zikafuata: mhandisi hupewa kwanza uzani wa kila chombo, mwendo wake, joto lake, njia ya kuingizia malighafi na njia ya kutolea bidhaa, kisha ndipo huamua nguzo zisimame wapi, boriti ziwe na kina gani, na msingi ushuke hadi udongo upi. Hapo jengo huwa kiungo cha mashine yenyewe, na mwenye kuvitenga viwili hivi, akamwita huyu fundi wa nyumba na yule fundi wa mitambo bila ya kuwakutanisha, amekwisha kukosea kabla ya zege ya kwanza kumwagwa.

Viwanda vidogo vya leo vimezaliwa kwa njia nyingine. Mtu hujaaliwa mtaji, hununua au hupanga nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, huweka mashine moja sebuleni. Kazi ikimwendea vyema, ukuta wa kati huvunjwa ili mashine ya pili ipate nafasi. Mwaka ukipita, ghorofa huongezwa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya kubeba paa la bati tu. Shehena hupelekwa juu kwa kuwa chini pamejaa, na jenereta nayo hupandishwa kwa kuwa uwanja umekwisha. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi inayoonekana kuwa dhambi katika siku yake, na mwenye nyumba huweza kuzitenda zote kwa nia njema, ilhali jumla yake ni mzigo ambao hakuna mtu aliyeuhesabu tangu siku ile mchoro wa kwanza ulipotiwa sahihi, ikiwa mchoro ulikuwapo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na msomaji yeyote anaweza kuifuata. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa muda mrefu, sakafu ya nyumba ya kuishi hubuniwa kwa kukadiria kwamba watu na vyombo vyao watailemea kwa kilo kama 150 kwa kila mita ya mraba, sakafu ya ofisi kwa kilo 250, na sakafu ya ghala kwa kilo 240 kwa kila mita moja ya kimo cha shehena, hata shehena iliyopangwa kufikia mita 3 huidai sakafu kilo 720. Chukua basi mifuko 10 ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, uipandanishe mmoja juu ya mwenzake katika chumba cha ghorofani, na urudie marundo hayo toka ukuta hadi ukuta: kimo chake hakizidi kifua cha mtu mzima, nacho huikalia sakafu kwa uzani unaopita kilo 1,500 kwa mita ya mraba, yaani mara 10 ya ule ambao mbunifu wa nyumba aliuweka akilini. Ni kweli kwamba mhandisi hutia akiba ya usalama katika hesabu zake, na kwa mizigo ya namna hii akiba hiyo ilikuwa asilimia 60 juu ya kadirio; lakini akiba iliwekwa kwa ajili ya upungufu wa zege, makosa ya fundi na mambo yasiyotazamiwa, wala haikuwekwa ili mfanyabiashara aitumie kama nafasi ya ziada ya kuhifadhi mali.

Uzani uliotulia ni nusu ya habari, maana mashine haitulii. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa sababu hiyo mota za kawaida huzunguka karibu mara 1,450 au mara 2,900 kwa dakika. Kila mzunguko, ikiwa gurudumu halikusawazishwa sawasawa au nyundo za kinu zimelika upande mmoja, hutuma mtikisiko mdogo katika sakafu. Kila sakafu nayo ina mtikisiko wake wa asili, ambao kwa sakafu nyingi za ghorofa ni chini ya ule wa mota, na kwa hiyo mashine hupita katika kiwango hicho kila inapowashwa na kila inapozimwa, na chekecheke kubwa la nafaka, ambalo mwendo wake ni wa polepole, laweza kukaa papo hapo kutwa. Mitikisiko miwili ikipatana, nguvu ndogo hujikusanya, mfano wa watu wanaovuta jahazi pwani kwa kuitikia wimbo mmoja, ambao kila mmoja wao peke yake asingelisogeza hata shubiri. Kwa ajili hiyo kanuni ya wahandisi ni kwamba mashine inayozunguka iwekwe juu ya tofali kubwa la zege lenye uzani usiopungua mara 3 ya uzani wa mashine, na ile inayokwenda mbele na nyuma mara 5, na tofali hilo litengwe na msingi wa jengo. Mashine iliyofungwa kwa bolti 4 juu ya sakafu ya ghorofa ya pili haina kinga hiyo. Mtikisiko wake huingia katika nguzo, hulegeza maungio, na hupasua polepole sehemu zilizochomelewa, mpaka siku ufa unapoonekana juu ya plasta na mtu akaupaka rangi.

Maghala ya chuma yana hatari ya namna nyingine, ambayo watu wengi hawaidhanii kwa sababu paa lake huonekana jepesi. Wepesi huo ndio udhaifu wake. Bati na vyuma vinavyolishika katika ghala la kawaida aghalabu havifiki kilo 20 kwa mita ya mraba, ilhali upepo wa kilomita 108 kwa saa huweza kulinyanyua paa kwa nguvu ya kilo 55 au zaidi kwa eneo lile lile, na mlango mkubwa ukiwa wazi upande wa upepo, nguvu nyingine huongezeka kutoka ndani. Kwa hiyo katika ghala msingi una kazi ya kulishika jengo lisiondoke kadiri ulivyo na kazi ya kulibeba lisizame, na vile vyuma vya mshazari vinavyoonekana kama pambo baina ya nguzo na nguzo ndivyo vinavyoizuia fremu nzima isilale. Mara ngapi vyuma hivyo hukatwa ili lori ligeuke au mlango mpya utobolewe! Wala asiseme mtu kwamba pwani yetu haijui tufani. Unguja ilipigwa na tufani kuu mwezi wa Aprili 1872, iliyoangamiza mikarafuu na vyombo bandarini. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani ya Tanzania upande wa Mafia, si mbali na hapa tulipo.

Fauka ya hayo, ardhi ya jiji hili si moja. Wazo imesimama juu ya chokaa ya matumbawe, ambayo ndiyo iliyokiita kiwanda cha saruji mahali pale. Mikocheni maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso wa nchi. Bonde la Msimbazi lina udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Na miinuko ya Mbagala ina mchanga unaochukuliwa na maji ya masika kila yanapokosa mfereji. Msingi uliofaa mahali pamoja hauwi hoja mahali pengine, na fundi anayesema kwamba amejenga maghala kadha wa kadha kwa kipimo kile kile ametoa habari za bahati yake, hajatoa ushahidi wa usalama. Kisha kuna chumvi. Hewa ya bahari, na mchanga wenye chumvi ukichanganywa katika zege, huila nondo pole pole, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa kabla yake, hata huipasua zege kutoka ndani. Nguzo yenye umri wa miaka 30 haina nguvu zile zile ilizozaliwa nazo, nayo ndiyo aghalabu huchaguliwa kupokea mashine mpya.

Maafa ya kutufunza tumekwisha kuyapata, na mengine wameyapata wenzetu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji letu lilianguka na kuua watu 36. Siku 26 baadaye, tarehe 24 Aprili, huko Savar karibu na Dhaka nchini Bangladesh, jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao wanawake washonaji. Jengo lile lilikuwa limebuniwa kwa maduka na ofisi. Likatiwa viwanda vya nguo, likaongezwa ghorofa bila ya idhini, na majenereta yakapandishwa juu. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa chini iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamriwa warudi kazini. Asubuhi umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, na kabla ya saa tatu jengo lote lilikuwa chini. Nani aijuaye Dar es Salaam anayeweza kusoma habari hiyo, pamoja na kukatika umeme kwake na majenereta yake ya ghorofani, akadhani ni habari ya nchi ya mbali tu? Na somo hilo halikuwa jipya hata kwa Bangladesh: tarehe 10 Januari 1860, katika mji wa Lawrence, Massachusetts, kiwanda cha nguo cha Pemberton kilianguka na wafanyakazi wake ndani, kwa nguzo za chuma zilizosubiwa vibaya na mashine nzito zilizopandishwa juu yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako jengo la ghorofa liliporomoka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Agizo lile lilikuwa la haki. Ninachoomba ni kwamba ukaguzi usiwe wa Kariakoo peke yake, wala usingoje kuzikwa watu ndipo uanze.

Sheria tunazo. Wahandisi husajiliwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, makandarasi kwa Sheria Namba 17 ya mwaka huo huo, na mahali pa kazi hulindwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 tuliyoachiwa na Waingereza. Kwa mujibu wa taratibu hizo, boila, mitungi ya mgandamizo na vyombo vya kunyanyulia mizigo hukaguliwa kila baada ya muda uliowekwa, na cheti chake kikiisha, chombo hakitumiki. Huu ni utaratibu mwema kabisa, nao unazaa swali ambalo halikwepeki: ikiwa boila hupimwa tena na tena kwa sababu kupasuka kwake kwaweza kuua watu 5, kwa nini sakafu inayolibeba boila hilo, ambayo kuanguka kwake kwaweza kuua watu 50, ihesabiwe mara moja tu katika umri wake wote? Vivyo hivyo mwenye kiwanja akitaka kukigeuza matumizi kutoka makazi kuwa biashara au kiwanda, hupitia ofisi ya mipangomiji, hulipa ada na kupata idhini. Idhini hiyo huligeuza jina la kiwanja katika vitabu. Nguzo hubaki na nondo zile zile, na hakuna mazoea yaliyothibiti ya kudai kwamba hesabu ya nguzo iambatane na ombi.

Najua jawabu litakalotolewa, na linastahili kusikilizwa kwa heshima. Watasema kwamba mwenye mashine moja ya kusaga pale Tandale, au seremala wa Keko mwenye wanafunzi wanne, hana fedha za kumlipa mhandisi mshauri. Kwamba ada na vibali vimekwisha kumchosha. Kwamba kila cheti kipya ni mlango mpya wa rushwa. Katika hayo mna ukweli, na sera isiyoujali itakuwa dhuluma juu ya wanyonge. Lakini hebu tupime. Mashine iliyowekwa chini, juu ya ardhi, katika nyumba isiyo na ghorofa, kuta zake za kubeba paa zikiachwa salama, haina haja ya hesabu nyingi. Yatosha fundi mchundo wa manispaa aitazame na kuandika alichokiona. Mzigo mzito wa sheria uwaangukie wale wanaostahili kuubeba: wenye kuweka mashine au shehena juu ya ghorofa, wenye kuongeza ghorofa juu ya jengo la zamani, wenye maghala ya fremu za chuma yenye upana mkubwa, na wenye kuajiri watu wengi chini ya paa moja. Kwa hao, gharama ya kumleta mhandisi kwa siku chache, kuipima zege kwa nyundo yake, kufukua pembe moja ya msingi na kuandika hesabu, ni akali mno mbele ya bei ya mashine moja wanayoiagiza ng'ambo. Na mfanyakazi, ambaye hakushirikishwa katika kuchagua jengo wala hana uwezo wa kuzisoma nyufa zake, ana haki ya kutangulia mbele ya faida ya tajiri wake.

Basi haya ndiyo ninayoyapendekeza kwa Halmashauri za Manispaa ya Temeke na Kinondoni, kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kwanza, leseni ya biashara ya kiwanda au ghala ndani ya jengo la ghorofa isitolewe wala isihuishwe bila ya hati ya mhandisi aliyesajiliwa, inayotaja kilo ngapi kila sakafu yaweza kubeba na mashine zipi zimeruhusiwa kuwekwa wapi. Pili, kipimo hicho kiandikwe kwa Kiswahili cha wazi katika kibao kilichotundikwa mlangoni, pamoja na namba ya usajili ya mhandisi na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, ili mpagazi anayepandisha magunia na binti anayekaa kwenye cherehani wajue haki yao. Tatu, hati hiyo ife mara tu mashine nyingine inapoongezwa, ukuta unapovunjwa au ghorofa inapopandishwa, na muda wa hati usizidi miaka 5 hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu chumvi haingoji. Nne, mfanyakazi aliyeona ufa akautaja asifukuzwe, na jengo lililotajwa lifungwe kwa siku za ukaguzi huku ujira ukilipwa. Washonaji wa Savar walizijua nyufa, walichokosa ni ruhusa ya kuziogopa. Tano, maghala yaliyokwisha kujengwa yatazamwe vyuma vyake vya mshazari na bolti zake za msingi kabla ya masika yajayo, kazi ambayo mafundi mchundo na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Teknolojia wanaweza kuifanya chini ya wakubwa wao, nao wakapata elimu ambayo darasa haliwezi kuwapa.

Kwa wahandisi wenyewe nina neno la mwisho. Mnakula kiapo, na umma unawaamini kwa sababu hauna njia nyingine. Mwenye nyumba hawezi kuiona nondo iliyozikwa ndani ya zege, wala mpangaji hawezi kujua kama ringi zilifungwa kwa nafasi iliyochorwa. Sahihi yenu juu ya mchoro ambao hamkuusimamia, au muhuri uliokopeshwa kwa ujira ili kibali kipite, ni khiyana juu ya watu msiowajua majina. Madiwani wa Temeke na Kinondoni wanaweza kuyapitisha haya kwa sheria ndogo katika mabaraza yao bila ya kungoja Bunge, na kila mwezi wanaouahirisha mjadala huo, mashine nyingine hupandishwa ngazi katika nyumba ambayo hakuna aliyeipima. Waanze na mitaa ya Tandale na Keko, waanze mwaka huu, na watangaze hadharani majengo waliyoyakagua na waliyoyafunga, ili wananchi waweze kuwadai hesabu.